Bahari ya zamani iko Kabuno, lakini Sake iko wapi?

Kuna makala moja ya sayansi ambayo kila mtu wa Masisi aliyefika chuoni angepaswa kuisoma, na akiisha kuisoma, aikasirikie kidogo. Iliandikwa na Marc Llirós na wenzake wengi, ikatoka 2015 katika jarida Scientific Reports. Ni ya bure kwenye intaneti, hata kwa simu inafunguka. Inahusu ghuba ya Kabuno, ile pembe ya Ziwa Kivu upande wa kaskazini-magharibi, pale Sake inapogusa maji.

Nianze na uzuri wake, maana nimechoka na ukosoaji wa kutukana bule. Swali lao ni la bahari. Kwa sehemu kubwa ya historia ya dunia, kabla oksijeni haijaenea, bahari zilijaa chuma kilichoyeyuka. Wataalamu walidhani kulikuwa na bakteria waliotumia mwanga wa jua na chuma kile kujitengenezea chakula, bila kutoa oksijeni kama mimea inavyofanya. Lakini bahari ile haiko tena. Utaipimia wapi? Wakaja kuipimia apa kwetu. Kabuno imetengwa na ziwa kubwa na kizingiti cha chini ya maji, kina chake karibu mita 10 tu. Chumvi na gesi zinaingia kwa chini, maji mazito yanabaki chini, mepesi juu, na hayachanganyiki. Ukishuka karibu mita 10 oksijeni imekwisha, chuma kipo, na mwanga kidogo bado unafika. Pale njo walikuta wale bakteria, wazima kabisa, wakifikia hadi 30% ya vijidudu vyote vya tabaka lile. Yaani bahari ya miaka mabilioni iliyopita iko mlangoni mwa Masisi. Ni kazi kubwa, na hoja inaenda hatua kwa hatua, hata mtu wa agronomia kama mimi anaifuata.

Shida yangu ni kwamba Kabuno yao ni chupa ya labo. Katika hoja yote ghuba haina kando. Haina mama anayeuza sambaza, haina wavuvi, haina vilima. Mtu anaweza kujibu: wao ni watu wa vijidudu, juu ya nini uwadai habari za sambaza? Ningekubali jibu hilo kama vilima havikuwa ndani ya swali lao lenyewe. Lakini viko.

Tufikiri pamoja. Bakteria hao wanaishi kwa mwanga kidogo unaopenya mita 10 za juu. Hesabu yao yote ya kazi ya bakteria inategemea mwanga huo. Sasa, nani anaamua mwanga unaofika pale? Jua, ndiyo, na mawingu, na mimea midogo ya majini. Na jembe. Vilima vinavyoshukia Kabuno vimelimwa maharage, mahindi na viazi hadi kwenye miteremko ambayo mwalimu wa mmomonyoko angeikataza darasani. Miti imekatwa kwa makala na kuni, na kwingine ni malisho ya ng'ombe. Mvua kubwa ikinyesha, udongo unashuka, na maji yenye tope hayapitishi mwanga sawa na maji safi. Kwa hiyo mkono wa mtu ni sehemu ya hesabu. Kuuacha nje ni kuchukulia ghuba ya leo kama vile iko safi tangu uumbaji, na hapo sayansi yenyewe inapungukiwa.

Halafu kuna gesi. Yale matabaka yanayohifadhi bakteria ni yale yale yanayoshikilia gesi ya kaboni. Katika ziwa kubwa, akiba nzito iko chini sana, zaidi ya mita 250. Kabuno, maji yenye gesi nyingi yanaanza karibu na mita 12. Sisi tunaojua mazuku, tunaojua mbuzi anayelala kwenye shimo na haamki, hatuwezi kusoma sentensi hiyo kwa utulivu. Ziwa Nyos, Cameroon, liliua watu zaidi ya 1,700 usiku mmoja wa Agosti 1986. Kabuno si Nyos, na sitaki mtu aanze kutisha jirani. Watafiti wengine wameandika juu ya gesi ya Kivu. Lakini aya moja tu juu ya watu wanaolala juu ya kando ya matabaka hayo isingeharibu makala.

Wale wa Walikale msiseme hii ni habari ya Sake. Masisi inagawa maji yake pande mbili. Ya Kabuno yanapita Ruzizi, Tanganyika na Lukuga hadi Lualaba. Ya upande wenu yanashuka na Lowa, nayo inaingia Lualaba vilevile. Mwisho yote yanafika Atlantiki, pale Moanda, ambako mto Congo unamwaga karibu mita za ujazo 40,000 kila sekunde, na ambako tangu 1992 kuna hifadhi ya mikoko. Mtafiti wa bahari anayepima tope pale mlangoni anapima pia kilima kilichochimbwa kasiteriti huku Walikale, akitaka au asitake. Ni kosa lile lile la Kabuno: kuanza kusoma maji pale yanapofika, kuacha pale yanapotoka.

Tangu 2024 vita vimefika Sake kwenyewe, na mgeni mwenye vyombo vya bei kali haji kirahisi. Lakini kupima mwanga wa maji hakuhitaji chombo cha bei. Watu wa maziwa duniani kote wanatumia sahani nyeupe yenye uzito, inafungwa kamba yenye vifundo kila nusu mita, unaishusha mpaka usiione tena, unaandika kina. Anayetafuta kichwa cha kazi yake ya licence, na ambaye anaweza kufika kando kwa usalama, afanye hivyo mara moja kwa juma, kiangazi na masika, karibu na mahali mto unapoingia ghubani na mbali nayo. Akiwa na namba za mwaka mmoja, aniandikie. Nitamsaidia upande wa udongo.