Mnakili Aliyesahauliwa: Juu ya Shahnama ya Shah Tahmasp

Mwaka 1981 Martin Dickson na Stuart Cary Welch walitoa juzuu mbili juu ya nakala ya Shahnama ya Ferdowsi iliyotengenezwa Tabriz, karne ya 16, kwa ajili ya Shah Tahmasp. Kazi yao yastahili sifa: wameutambua mkono wa kila mchoraji mkubwa, Sultan Muhammad akitangulia. Lakini kitabu wamekiita kwa jina la Houghton, tajiri wa Marekani aliyekinunua mwaka 1959, kisha akakifumua na kuuza karatasi mojamoja. Twauliza: mnakili yuko wapi?

Kitabu kilikuwa na karatasi 759 na picha 258. Hesabu hiyo yenyewe yasema kwamba sehemu kubwa ni maandishi matupu, kwa mwandiko wa nastaliki. Tena, katika karakana za Iran, mnakili ndiye aliyetangulia kwa desturi: aliandika beti, akaacha nafasi, ndipo mchoraji akaijaza. Ubeti gani usimame juu ya picha, na kisa kikatwe wapi, ni uamuzi wa kalamu kabla ya brashi. Anayechambua picha peke yake achambua jibu bila swali. (Makumbusho nayo hutundika karatasi, beti za nyuma zikatazama ukuta!)

Mwaka 1994 mabaki ya kitabu, yenye picha 118, yalirudi Iran kwa kubadilishwa na mchoro mmoja wa Willem de Kooning. Mwaka 2011 Sheila Canby alikusanya katika toleo moja kurasa zote 258 zenye picha. Jambo jema, ila hesabu ni ileile, ya picha.