Nywele hazili
Kama nywele zako ni nyembamba na zinalala, umeshaliona povu lile: lebo inasema eti "hulisha nywele na kuzijaza". Hebu tuanze na hilo la kulisha, maana ndilo linalokulia pesa. Unywele ukishatoka nje ya ngozi ni keratini iliyokufa. Hauli kitu, hata uupe vitamini za dunia nzima.

Kujaza, hapo sawa. Geuza chupa usome yale maandishi madogo: mara nyingi utakuta PVP au polima nyingine ya aina hiyo, kitu kilichokuwamo kwenye spreyi za nywele tangu miaka ya 1950. Inakauka inakuwa utando mwembamba, nywele zinashikana pale zinapogusana, hazilali. Kwa hiyo povu la bei chee lenye polima hiyo linaweza kufanya kazi ileile ya lile la bei mbaya.

Lipake karibu na mashina nywele zikiwa mbichi, kisha inama uzikaushe. Maji yamevunja vifungo vya hidrojeni ndani ya keratini. Vinajifunga upya kwa umbo lile zinalokaukia. Ila hewa ya Dar au Mombasa, na unyevu wake, itavilegeza tena taratibu. Hilo lebo imelinyamazia.