Unasali Wapi?

Tamthilia ya Nitaolewa Nikipenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ imehakikiwa hadi ikachakaa, lakini wengi wakifika kwa mambo ya kanisa wanakimbilia mtu mmoja tu: Gĩcaamba, yule mfanyakazi wa kiwandani mwenye hotuba ndefu. Anaikashifu dini, nao wanaandika "dini ni chombo cha ukoloni", wanafunga daftari. Si uongo. Ila mimi nimeisoma hii tamthilia nikiwa ushago, na ushago ukiisoma unaona vitu vingine.

Niliacha chuo mwaka wa pili nikarudi kwetu upande wa Nyandarua, naandika makala za kulipwa kwa neno, nikitafuta mtandao kwa kupanda kilima. Hapa mtu mgeni, au mtu aliyepotea miaka kadhaa kama mimi, haulizwi anafanya kazi gani. Anaulizwa, "Unasali wapi?" Swali hilo si la kiroho peke yake. Linauliza ni nani atakuletea unga ukiugua, utakuwa kwa chama gani, na siku ukifa ni nani atashika Biblia pale kaburini. Nairobi unaweza kukaa miaka bila kanisa na hakuna anayejua. Huku Jumapili ukibaki nyumbani hata ng'ombe wanakushangaa.

Sasa turudi kwa Kĩgũũnda. Ni kibarua wa shamba, ana ekari moja na nusu na cheti cha ardhi anachokitunza kuliko kitu chochote nyumbani. Ameishi na Wangeci miaka mingi, wamezaa, wameoana kwa mila. Tajiri wake, Ahab Kĩoi, anakuja na mkewe Jezebel na marafiki wao wa kanisa. Kĩgũũnda na Wangeci wanadhani wageni wamekuja kumposa binti yao Gathoni, maana anatembea na John, mtoto wa Kĩoi. Kumbe wageni wamekuja kuwaambia kwamba wanaishi katika dhambi na wafunge ndoa kanisani. Ndoa inataka pesa, pesa inatoka benki, benki inataka cheti. Mwisho wa hadithi unaujua hata bila kuusoma, kwa sababu majina yenyewe yameshakuambia. Kwa Biblia, Ahabu ndiye mfalme aliyetamani shamba la mizabibu la Nabothi, na Yezebeli ndiye aliyepanga namna ya kulichukua.

Hapa tamthilia inapiga penyewe. Mama yangu amekaa na baba miaka ishirini na sita, mahari ililipwa, mbuzi wakaliwa. Lakini kwa lile kanisa kubwa la barabarani, ambalo silitaji jina, hawezi kushiriki meza ya Bwana wala kuchaguliwa mweka hazina wa akina mama mpaka "abariki ndoa". Kubariki si maombi ya dakika tano. Kuna gauni, suti, keki, magari mawili ya kukodi, chakula cha watu mia mbili, na kamati. Baba alipiga hesabu nyuma ya kalenda, akanyamaza. Tuna shamba dogo na ng'ombe watatu. Ng'ombe mmoja angetoka, pengine wawili.

Kwa hivyo mtu akisema kile kisa cha harusi kimepitwa na wakati, ni cha mwaka 1977, namwambia aje Nyandarua.

Lakini nina ugomvi na tamthilia, na ugomvi wenyewe uko mapema kabisa. Kabla ya Kĩoi kuingia, kuna kikundi kinakuja kikiimba. Wanasema wao ni dhehebu la maskini, watu wasio na shamba wala ploti, na wanafanya harambee wajenge kanisa lao. Kĩgũũnda anawajibu kwa hasira kwamba tumbo lenyewe halijashiba, harambee ataitoa wapi? Wanaenda zao. Kwa wasomaji wengi hao ni kichekesho cha kufungulia jukwaa. Mimi nawaona kama swali kubwa ambalo waandishi waliliweka mlangoni kisha wakapita. Kanisa la watu kama Kĩgũũnda lilibisha hodi kwanza, likafukuzwa kwa sababu ya sarafu. Kanisa la tajiri likaja pili, likapewa chai, likachukua shamba lote.

Wahusika wenyewe hawarudi kulipima jambo hilo, Gĩcaamba akiwemo. Kwake yeye makanisa yote ni kapu moja. Na huyu Gĩcaamba, kwa heshima zote, anaongea kama mtu ambaye hajawahi kuamua Jumapili asubuhi, kukiwa na matope, atembee kilomita ngapi.

Ukienda nyuma kwa Njia Panda, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1965, unakuta shida hiyohiyo kwa njia ya huzuni zaidi. Muthoni, binti wa mhubiri Joshua, anataka kuwa Mkristo na pia mwanamke wa kabila lake. Kuna milima miwili, Makuyu na Kameno, na mto Honia katikati. Hakuna kanisa la mtu kama yeye pande zote mbili, na anakufa. Waiyaki anakuja kujenga shule, anajenga kweli, lakini kanisa hajengi. Na historia yenyewe ilijenga! Baada ya mzozo wa tohara wa mwaka 1929, watu wa kule waliacha misheni wakaanzisha shule na makanisa yao huru. AIPCA ipo mpaka leo, ukipita vijiji vya Mlima Kenya utaliona bango lake. Wakristo wa aina ya Muthoni walipata mahali. Riwaya iliona shule, ikaliacha benchi la kanisa.

Ngaahika Ndeenda ilichezwa Kamirĩĩthũ na wanakijiji wenyewe, leseni ikafutwa baada ya wiki chache, na Ngũgĩ akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 2022 ikarudi jukwaani Nairobi, kwa Kiingereza na kwa Gĩkũyũ. Yeyote atakayeiongoza tena, ombi langu ni dogo: wale wa dhehebu la maskini asiwavalishe vichekesho. Awaache waimbe vizuri. Hadhira ione Wangeci akiwatazama wakiondoka, hata kwa sekunde tatu.

Mimi kwa sasa naenda kanisa la mabati lililo chini ya kilima, watu kama thelathini, bila spika, ngoma moja. Gĩkũyũ changu ni cha matatu kwa hivyo mahubiri nusu yananipita. Mzee anayeongoza huuza mbao siku za wiki. Sadaka hapa inatangazwa kwa sauti, nani ametoa ngapi, na hilo linaniudhi sana, nimemwambia. Lakini cheti cha ndoa hajamuuliza mtu. Mama bado yuko kule barabarani, benchi la nyuma, meza ya Bwana ikiandaliwa anatoka nje na wenzake wachache. Kamati imempa mpaka Desemba.