Timazi ya Anga

Buibui akitanda utando ndani ya bomba la fotomita inayopima mwanga wa jua, chombo hicho kitaripoti anga chafu siku ambayo mbingu haina hata wingu. Ndiyo maana anayetunza kituo cha AERONET, mtandao wa vipimo vya chembechembe za hewani, huchungulia bomba, hufuta kioo, kisha hutazama kama chombo kinalifuata jua sawasawa. Naanza na mtu huyu kwa sababu setilaiti zinaposifiwa yeye hatajwi, na bila yeye hakuna awezaye kujua kama setilaiti inasema kweli.

Setilaiti ya Terra ilirushwa Desemba 1999, na kwa miaka mingi iliizunguka dunia kilomita 705 juu yetu. Chombo chake cha MODIS hupokea mwanga wa jua uliorudishwa juu: mwingine na moshi au vumbi, mwingine na majani, udongo na maji. Wote hufika umechanganyika, na ufundi wenyewe ni kuchambua chuya katika mchele huo. Mwanasayansi Yoram Kaufman na wenzake waligeukia mwanga wa mawimbi marefu, mikroni 2.1, ambao jicho letu haliuoni. Chembe za moshi ni ndogo mno kuuzuia, kwa hiyo mwanga huo huupenya moshi na kuionyesha ardhi iliyo chini yake. Kutokana nao wakakadiria ardhi ile ingeng'aa kiasi gani katika nyekundu na buluu, wakaiondoa, wakabakiwa na anga. Jangwani mbinu hii hushindwa kwa mng'ao wa mchanga. Huko mwanasayansi mwingine, Christina Hsu, alitumia buluu iliyokolea, ambamo mchanga hufifia na vumbi likajitokeza.

Lakini kuupata mwanga wa moshi si kujua moshi ni kiasi gani. Mongu, magharibi mwa Zambia, nyika huchomwa kila kiangazi, na fotomita ilikuwa imesimama pale tangu miaka ya 1990. Watafiti walipokusanyika katika mradi uliobeba neno letu, SAFARI 2000, Charles Ichoku, mwanasayansi mzaliwa wa Nigeria, na wenzake walilinganisha namba za setilaiti na za fotomita. Setilaiti ilikuwa ikiripoti moshi pungufu kuliko uliokuwapo. Macho yake yalikuwa mazima. Kosa lilikuwa katika hesabu, iliyouchukulia moshi wa kusini mwa Afrika kuwa mweupe kuliko ulivyo.

Aliyepika kwa mafiga matatu hahitaji kufundishwa jambo hili. Kuni mbichi zinazofukuta hutoa moshi mweupe. Ndimi za moto ndizo zinazoipaka sufuria masizi. Nyasi kavu za nyika huwaka kwa ndimi, na masizi hunywa mwanga. Anayedhani moshi wote ni mweupe, akiona mwanga kidogo umerudi, atasema moshi ni mchache. Mwaka 2003 walichapisha matokeo yao wakitaka moshi wa eneo hilo uhesabiwe kuwa mweusi zaidi, na baadaye hesabu ya MODIS ikarekebishwa. Katika kazi yote hii, hapo ndipo ninapopapenda zaidi: chombo cha angani kilikubali kusahihishwa na kijibomba kilichosimama Mongu.

Fotomita ndiyo timazi ya kazi hii. Na timazi nayo hupimwa. Juu ya Mauna Loa huko Hawaii, mita 3,397 juu ya bahari, mafundi wamelipima jua kwa miaka mingi tangu linapochomoza. Kadiri linavyopanda, mwanga wake hupita katika hewa pungufu zaidi, na kwa kuufuata upungufu huo wamekokotoa jua lingekuwa na mwanga gani kama hewa isingekuwapo kabisa. Fotomita zilizopimwa pale zimetumika kuzipima nyingine.

Kila baada ya mwaka mmoja hivi, fotomita ya kituoni huteremshwa, hufungwa katika sanduku na kupelekwa kupimwa upya, kwa kuwa vichujio vyake huchakaa juani.