Kuisoma Bunduki Kuukuu ya Trapu: Kutoka Rusizi hadi Herstal

John Moses Browning alifariki tarehe 26 Novemba 1926 akiwa kazini, katika kiwanda cha Fabrique Nationale kilichoko Herstal, jirani na Liège, Ubelgiji. Kazi yake kubwa ya mwisho ilikuwa bunduki ya marisau yenye mitutu miwili iliyopandana, mmoja juu ya mwingine, badala ya kulala ubavu kwa ubavu. Mwanawe Val aliiendeleza, na mwaka 1931 ikaingia sokoni kwa jina la Superposed. Mitutu iliyopandana ilikuwapo kabla yake, kwa mafundi wa London walioichonga kwa mkono na kuiuza kwa matajiri. Browning aliifanya iweze kutengenezwa kiwandani, kwa bei ambayo mtu asiye na shamba la kifahari angeweza kuifikiria.

Kwa msomaji wa Rusizi, nchini Rwanda, Ubelgiji si nchi ya kwenye ramani tu. Wabelgiji waliitawala Rwanda hadi 1962, na mji ulioko ng'ambo ya Cyangugu, unaoitwa Bukavu leo, waliupa jina la Costermansville. Bado kuna Wanyarwanda na Wakongo wengi wanaoishi Brussels na Liège. Trapu si mchezo wa Kamembe, mji wa Rusizi, ambako mpira na baiskeli ndivyo vinavyokusanya watu. Mtu wa huko atakayeupenda mchezo wa kulenga sahani za udongo ana nafasi kubwa ya kuukutia ugenini, na bunduki yake ya kwanza, kwa kuwa mpya ni ghali, pengine itakuwa imeshapita mikononi mwa watu wengine. Kwa hiyo inafaa kuchambua jinsi bunduki hizo zilivyoundwa, maana mahali zilipounganishwa ndipo zinapochakaa, na fundi mzuri huanza kuangalia hapo.

Kabla ya bunduki, mchezo wenyewe. Katika trapu ya Olimpiki mashine 15 hufichwa ndani ya handaki, tatu tatu mbele ya vituo vitano. Mlengaji husimama mita 15 nyuma ya handaki, huita, na sahani yenye kipenyo cha milimita 110 na uzito wa gramu 105 hivi huruka kwa kasi inayozidi kilomita 100 kwa saa. Hajui itaelekea kushoto, kulia au katikati. Anachojua ni kwamba itamkimbia, na kwamba itakuwa inapanda.

Kwa sababu inakimbia, hupigwa ikiwa umbali wa mita 30 na ushei, kwa risasi isiyoruhusiwa kubeba zaidi ya gramu 24 za marisau. Marisau yakitawanyika mapema, sahani hupita katikati yake bila kuguswa. Ndiyo maana mdomo wa mtutu wa trapu hubanwa sana: mtutu wa kaliba 12 una kipenyo cha milimita 18.5 hivi, na ukibanwa kikamilifu hupungua kwa karibu milimita moja mwishoni. Kipimo cha kale cha ubano huo ni kwamba asilimia 70 ya marisau yaingie ndani ya duara la sentimita 76 kwa umbali wa mita 36 hivi. Na kwa sababu sahani inapanda, bunduki ya trapu huundwa ipige juu kidogo ya pale jicho linapoelekea, ili mlengaji asilazimike kuifunika sahani kwa mitutu. Uzito wake hufika kilo tatu na nusu hadi nne. Huo si uzembe wa fundi. Anayepiga mashindano hulenga sahani 125 katika raundi za kufuzu, na ana ruhusa ya kupiga mara mbili kwa kila sahani, kwa hiyo bunduki nyepesi ingemchubua bega kabla ya adhuhuri.

Bunduki nzuri ya kuwindia kanga au bata, basi, si bunduki nzuri ya trapu, hata iwe rahisi kiasi gani. Wanunuzi wengi wa mara ya kwanza hupotea hapa. Huona mitutu miwili iliyopandana, huona jina kubwa lililochorwa ubavuni, hulipa. Baadaye hugundua kwamba wamenunua kitu chepesi, kifupi, chenye mdomo ulio wazi, kilichoundwa kwa ndege anayeibuka miguuni mwa mbwa.

Halafu karatasi, ambazo hutangulia hata kuishika bunduki yenyewe. Mnamo 11 Mei 2006, mjini Antwerp, kijana wa miaka 18 aliingia dukani akanunua bunduki ya kuwindia, na siku hiyohiyo akamuua mwanamke kutoka Mali pamoja na mtoto wa miaka miwili aliyekuwa akimlea. Wakati ule sheria ya Ubelgiji iliruhusu bunduki za namna hiyo kuuzwa kwa kuonyesha kitambulisho tu. Sheria mpya ilipitishwa tarehe 8 Juni mwaka huohuo, na tangu hapo mlengaji wa michezo anahitaji leseni, nayo bunduki inapobadilisha mikono ni lazima isajiliwe. Rwanda ina sheria yake ya silaha ya mwaka 2018, na kumiliki bunduki bila kibali ni kosa la jinai. Nchi zote mbili zinazopakana na mto Rusizi upande wa kaskazini, Rwanda na Kongo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, inayozitaka serikali kuzitia silaha alama na kutunza kumbukumbu zake.

Mtu wa Rusizi hahitaji kufundishwa kwa nini. Ameona katika maisha yake kile ambacho silaha zisizo na karatasi zimewafanyia watu wa pande zote mbili za ziwa Kivu. Bunduki ambayo historia yake haisomeki haifai kununuliwa kwa bei yoyote, na mlengaji wa michezo ana wajibu mkubwa kuliko mtu mwingine yeyote wa kulisema hilo kwa sauti. Kinachokaguliwa kwanza ni namba: ile iliyogongwa kwenye mitutu, kwenye mwili wa bunduki na kwenye kishikio cha mbele, zilinganishwe na iliyoandikwa kwenye cheti. Zikitofautiana, mazungumzo yanaishia hapo hadi muuzaji aeleze na mamlaka zithibitishe.

Bunduki ya Ubelgiji ina maandishi mengine pia, na hayo ni raha kuyasoma. Ofisi ya majaribio ya Liège ina historia inayoanzia 1672. Kazi yake ni moja: kufyatua ndani ya kila mtutu risasi yenye nguvu kupita kawaida, na kuugonga muhuri ule usiopasuka. Herufi ELG ndani ya duara refu, zenye taji juu yake, zinaonyesha kwamba mtutu umepita majaribio hayo. Simba mdogo aliyesimama juu ya herufi PV anaonyesha kwamba ulijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi, ile itumikayo leo. Bunduki ya zamani isiyo na simba huyo ilijaribiwa kwa baruti nyeusi pekee. Ni ya kutundika ukutani, si ya kupeleka uwanjani.

Kando ya kaliba huandikwa pia urefu wa chemba, mahali risasi inapokaa: 65 au 70, kwa milimita. Tofauti ya milimita tano inaonekana ndogo, na hatari yake imejificha vizuri. Urefu wa risasi ya marisau hupimwa ikiwa imeshafyatuliwa, mdomo wake umefunguka. Kwa hiyo risasi ya 70 ambayo bado haijapigwa huingia kwenye chemba ya 65 bila kukwama hata kidogo. Inapopigwa, mdomo wake hukosa nafasi ya kufunguka, njia ya marisau huziba kwa kiasi, na shinikizo hupanda. Viwango vya kimataifa vinavyosimamiwa kutoka Brussels huweka ukomo wa bar 740 kwa risasi ya kawaida ya kaliba 12, na mtutu hujaribiwa kwa bar 930. Mtutu wa babu wa chemba 65 haukuundwa kwa mzigo huo. Risasi nyingi za trapu zinazouzwa leo ni za 70.

Tuje kwenye bawaba, ambako pesa nyingi hupotea. Bunduki ya aina hii hukunjwa katikati ili ipakiwe. Browning aliiweka bawaba yake chini ya mtutu wa chini: pini moja nene inayokatiza upana wote wa mwili. Ni imara sana, ila inaufanya mwili wa bunduki uwe na kimo kikubwa. Waitaliano walichagua njia nyingine. Beretta na Perazzi hutumia vipini viwili vifupi, kimoja kila upande, kwa hiyo mitutu hukaa chini zaidi, karibu na mikono ya mlengaji. Perazzi, kampuni iliyoanzishwa na Daniele Perazzi mwaka 1957 karibu na Brescia, iliongeza jambo lililowavutia sana wanariadha katika MX8, bunduki iliyoandaliwa kwa ajili ya Olimpiki ya Mexico ya 1968: sehemu yote ya kifyatulio inachomoka. Springi ikivunjika katikati ya mashindano, mlengaji hutoa ile mbovu, huingiza ya akiba na kuendelea.

Uchakavu wa bawaba hauhitaji mashine kuujua. Bunduki ikishathibitishwa kuwa tupu, tazama wenzo wa kufungulia. Ukiwa mpya huegemea kulia. Kadiri komeo linaloifunga mitutu linavyolika ndivyo wenzo unavyosogea kuelekea katikati. Ukiwa umevuka katikati kwenda kushoto, komeo limekwisha kazi yake. Kisha, kwa bunduki ambazo kishikio chake cha mbele hutoka, kitoe, ifunge mitutu, uishike kwa kitako na kuitikisa polepole. Kugongana kokote kwa chuma na chuma ni bili ya fundi. Kwa Beretta bili hiyo huwa nafuu kwa sababu vile vipini vya pembeni hubadilishwa kwa vingine vinene kidogo. Kwa Superposed fundi lazima afanye kazi kwenye pini kuu, na fundi wa namna hiyo hapatikani kila mji.

Mitutu hutazamwa kutoka pande zote mbili dhidi ya mwanga. Vivuli vya duara ndani yake viwe sawasawa. Kivuli kilichopinda ni mbonyeo au uvimbe. Kisha mitutu huning'inizwa kwa ndoano na kugongwa kwa kifundo cha kidole. Ikilia wazi, ukanda wa juu bado umeungana nayo vizuri. Ikitoa sauti ya kukereza, uungio umeachia mahali fulani na unyevu umeanza kupenya.

Unyevu ndio unaoileta habari ya chumvi, mkasa wa kusikitisha katika historia ya bunduki hizi. Katikati ya miaka ya 1960 mahitaji yalipanda, na mbao za mjozi zinazotumika kwa kitako huchukua muda mrefu kukauka. Ikapatikana njia ya mkato: kuzikausha kwa chumvi, ambayo huvuta maji haraka. Mbao zilikauka, lakini chumvi ilibaki ndani. Bunduki nyingi za Browning za kati ya 1966 na 1972 hivi, zikiwamo Superposed za bei ya juu zilizochorwa kwa mkono, ziliuzwa zikiwa na adui ndani ya kitako. Kila hewa ilipokuwa na unyevunyevu chumvi iliuvuta, na chuma kilichogusana na ubao kikaoza kutoka upande usioonekana. Kampuni ililazimika kubadilisha mbao za bunduki nyingi.

Huko Kamembe, ambako mvua hunyesha karibu miezi yote isipokuwa ya kiangazi cha Juni hadi Agosti, bunduki ya namna hiyo isingedumu. Kuitambua ni rahisi kwa anayejua pa kutazama. Fungua skrubu mbili za kibandiko cha nyuma ya kitako na uzikague: kutu nzito kwenye nyuzi zake ni onyo. Anayetaka uhakika hukwangua ubao kidogo mahali palipofichika na kudondosha myeyusho wa nitrati ya fedha; ukiacha utando mweupe, chumvi imo. Mwaka wa kutengenezwa husaidia pia. Kwa Browning zilizotengenezwa Japani na Miroku, kama Citori iliyotoka 1973, herufi ndani ya namba ya bunduki za kuanzia katikati ya miaka ya 1970 hubeba mwaka: Z ni 1, Y ni 2, X ni 3, W ni 4, V ni 5, T ni 6, R ni 7, P ni 8, N ni 9 na M ni 0. Yenye PN ni ya 1989. Kwa mnunuzi wa kwanza asiye na fundi wa karibu, Citori ya trapu ya miaka hiyo ni chaguo la busara kuliko Superposed iliyo nzuri zaidi kwa macho.

Hatimaye mwili wa mlengaji. Shavu linapolala juu ya kitako, jicho linapaswa kuona ukanda wa mtutu ukinyooka mbele, na mtutu wenyewe ukionekana kwa kiasi kidogo tu. Mwenye mkono wa kushoto awe mwangalifu zaidi, kwa sababu vitako vingi hupindishwa kidogo kwa ajili ya bega la kulia. Muuzaji wa haki hukubali bunduki ijaribiwe uwanjani kabla ya malipo. Hapo hubandikwa karatasi pana yenye doa jeusi katikati, kwa umbali wa mita 35, na kupigwa mara kadhaa kwa kila mtutu. Kundi la marisau likiwa juu kidogo ya doa, bunduki inafanya kazi yake. Likiwa kushoto au kulia, fundi wa vitako anaweza kupasha ubao joto na kuupinda, na gharama hiyo hukatwa kwenye bei. Mitutu miwili ikipiga mahali pawili tofauti, tatizo liko kwenye namna ilivyounganishwa kiwandani, na bunduki hiyo hurudishwa kwa mwenyewe.