Ukingo wa Ng'ambo: Uhakiki wa Slaidi za Magwaride ya Maadhimisho ya Disneyland

Ikisiri

Makala haya yanahakiki slaidi za rangi zilizopigwa na wageni wa kawaida katika magwaride ya maadhimisho ya bustani ya burudani ya Disneyland, California, hususan yale ya mwaka 1965. Hoja yake ni kwamba thamani kuu ya slaidi hizo imo katika watu waliosimama kandokando ya barabara, wala si katika kile kilichopita katikati, na kwamba desturi za sasa za kuzing'arisha, kuzikata na kuziandikia maelezo zinaifuta thamani hiyo. Makala yanapima pia maneno ya Kiswahili yanayoweza kuzieleza picha za aina hii, yaani gwaride, maandamano, msafara, halaiki na zefe.

Utangulizi

Tarehe 17 Julai 1955 Disneyland ilifunguliwa mjini Anaheim mbele ya kamera za televisheni ya ABC. Ilipotimiza miaka 10, kampuni iliyoimiliki ilitangaza sherehe za mwaka mzima na kuzipa jina la kubuni, Tencennial. Jina hilo linastahili kutazamwa kabla ya picha yoyote. Kiingereza kina neno lake la kawaida la miaka kumi, lakini lina harufu ya sensa. Jina jipya liliundwa lifanane na maneno ya miaka 100 na miaka 200, ambayo ni mali ya mataifa, miji na vyuo vikongwe. Taasisi yenye umri wa mtoto wa darasa la nne ilijivika kanzu ya babu.

Barabara yenyewe ilikuwa imevaa vazi hilohilo. Main Street, ambako magwaride hupita, ilijengwa iige mji mdogo wa Marekani wa mnamo 1900, na sehemu ya msukumo wake ilitokana na Marceline, Missouri, mji ambao Walt Disney aliishi utotoni. Ghorofa za juu zilijengwa kwa kipimo kidogo kuliko za chini ili jicho lidhani majengo ni marefu. Hila hiyo inafanya kazi kwa mtu anayetembea. Kwenye picha matokeo yake hutofautiana. Mchezaji aliyesimama juu ya gari lililopambwa, kichwa chake kikiwa karibu na madirisha ya juu, huonekana jitu lililoingia katika mji wa wanasesere. Wapiga picha wengi hawakukusudia athari hiyo, lakini imo.

Kuna jambo la pili kuhusu umri. Kutoka 1900 hadi 1965 ni miaka 65. Mtazamaji wa leo anayeishika slaidi ya Tencennial yuko mbali na gwaride lile takriban kama gwaride lile lilivyokuwa mbali na mji lililouiga. Ukongwe ambao mwaka 1965 ulikuwa wa rangi na mbao sasa umekuwa wa kweli, kwa kupita muda tu, na mvuto wa slaidi hizi kwa wakusanyaji unatokana na mkanganyiko huo. Wanadhani wanaona Marekani ya zamani. Wanachokiona ni Marekani ya 1965 ikitazama Marekani iliyoitamani.

Slaidi na mhuri wake

Picha rasmi za kampuni zilipigwa na wapiga picha wa kuajiriwa, mara nyingi kutoka mahali palipoachwa wazi kwa ajili yao. Haziwi kiini cha makala haya, kwa kuwa zilitimiza kazi yake ya matangazo na kuimaliza. Slaidi za wageni ni suala jingine. Familia ilinunua filamu ya picha 20 au 36, na kila picha ilikuwa na gharama yake. Filamu iliyotamba ilikuwa Kodachrome, iliyoletwa sokoni na Kodak mwaka 1935. Hata toleo lililotolewa mwaka 1961 lilikuwa na kasi ya 25 tu, polepole mno kwa mchezaji anayeruka. Ndiyo maana miguu ya wachezaji huwa ukungu ilhali nyumba zilizo nyuma yao ni kali kama wembe. Kodak ilikuwa na duka lake kwenye Main Street tangu mwanzo, na kwa miaka mingi mabango yake katika bustani za Disney yaliwaelekeza wageni mahali pa kusimama wapige picha. Hata picha ya faragha ilikuwa imeandaliwa nusu.

Slaidi haina negativu. Kile kipande kidogo ndani ya fremu ya karatasi ndicho asili pekee, na kikitupwa picha imekufa. Kwenye fremu mara nyingi kuna mhuri wa mwezi na mwaka. Mhuri huo umewapotosha wengi, maana unaonyesha lini filamu ilisafishwa maabara, si lini kamera ilifunguliwa. Filamu iliyoanzwa Julai ingeweza kungoja Krismasi ndipo iishe. Kwa hiyo mhuri wa Agosti 1965 huthibitisha jambo moja tu, kwamba picha haikupigwa baada ya mwezi huo. Anayeandika kuwa ni gwaride la Agosti amesema zaidi ya ushahidi alionao.

Kuna pia tabia ya kemia ambayo wahifadhi wa nyaraka wanaijua lakini wahakiki wa picha huisahau. Kodachrome hudumu sana gizani na hufifia inapomulikwa mara kwa mara na taa ya projekta. Slaidi iliyopendwa, ile iliyoonyeshwa ukutani kila jamaa walipokutana, ndiyo iliyopoteza rangi. Iliyong'aa hadi leo huenda ndiyo ambayo hakuna aliyeitaka. Mkusanyaji anayechagua kwa wingi wa rangi, na karibu wote huchagua hivyo, anakusanya makapi ya albamu akidhani ni nafaka. Mhifadhi ana sababu ya kuithamini ile iliyochakaa kuliko jirani yake inayometameta.

Ukingo wa ng'ambo

Mpangilio wa slaidi ya kawaida ya gwaride hili unajulikana haraka. Mbele kabisa iko migongo: kofia, nywele zilizotengenezwa saluni, mtoto juu ya mabega ya baba. Katikati hupita gari la mapambo au wahusika wa katuni, na kwa kuwa wahusika hao ni watu waliovaa vinyago, nyuso zao ni za kitambaa na plastiki. Nyuma yao, kando ya pili ya barabara, umesimama umati unaoitazama kamera bila kujua. Huo ndio ukingo wa ng'ambo. Katika picha nzima yenye mamia ya watu, ndipo mahali pekee zinapopatikana nyuso za binadamu kwa wingi. Nazo mara nyingi ziko nje kidogo ya fokasi, kwa sababu mpiga picha alimlenga Mickey.

Nyuso hizo zinasema nini? Wengi hawatabasamu. Watu wazima wamechoka, jua la California linawaumiza macho, mtoto mmoja anatazama upande ambao gwaride limekwisha kupita. Furaha inayodaiwa na maadhimisho imebebwa na vinyago, na waliolipia tiketi wameachiwa kazi ya kungoja. Huu si ushahidi kwamba hawakufurahi. Ni ushahidi kwamba furaha ya gwaride haikai usoni kwa muda mrefu kama watangazaji wanavyoionyesha, na hakuna picha rasmi inayokiri hivyo.

Ukingo wa ng'ambo unaonyesha pia nani alikuwapo. Katika slaidi za miaka hiyo umati ni wa Wazungu kwa sehemu kubwa mno. Wamarekani Weusi na Wenyeji wa asili walikuwamo bustanini zaidi kama sehemu ya maonyesho. Mkahawa wa Frontierland ulibeba jina la Aunt Jemima, na mwanamke Mweusi aliigiza mhusika huyo mbele ya wageni. Kijiji cha Wahindi Wekundu, kama kilivyoitwa wakati huo, kiliendelea na ngoma zake hadi 1971. Tarehe 11 Agosti 1965, katikati ya mwaka wa Tencennial, ghasia zilizuka Watts, Los Angeles, chini ya kilomita 40 kutoka Main Street, na watu 34 wakafa kabla hazijatulia. Slaidi za gwaride hazina moshi wowote, na si haki kuzidai ziwe nao. Lakini mhakiki anayezisoma kama picha za Marekani kwa ujumla, bila kuutazama umati uliomo, ameruhusu barabara ya mbao imfunge macho. Msomaji wa Unguja hatahitaji kuelezwa kwamba neno ng'ambo lina siasa yake.

Magwaride yaliyofuata yaliuhamisha ukingo huo. Katika America on Parade, lililopita kati ya 1975 na 1976 kwa ajili ya miaka 200 ya uhuru wa Marekani, raia wa nchi waliwakilishwa na wanasesere wenye vichwa vikubwa mno. Taifa liliadhimishwa na kampuni, na sura za wananchi zikawa za kutengenezwa kiwandani. Mwaka 1990, kwa miaka 35 ya bustani, gwaride la Party Gras lilileta majitu yaliyojazwa hewa. Mpiga picha hulazimika kuinua kamera ili kichwa kiingie, na anapoiinua, umati wa ng'ambo hutoka kwenye fremu. Ukubwa wa kinyago uliondoa ushahidi ambao hakuna aliyekuwa amekusudia kuuondoa.

Gwaride, halaiki au zefe?

Anayeziandikia picha hizi maelezo kwa Kiswahili hukutana na uteuzi usiokwepeka. Gwaride, lenye asili ya Kiingereza cha ulinzi, ndilo neno la kwanza mdomoni, nalo huleta kwato za jeshi. Halikosei kabisa: Disneyland imekuwa na bendi yake yenye sare tangu 1955, na hatua za bendi ni za kijeshi. Maandamano ni neno pana zaidi kwa asili yake, kutoka kuandamana, lakini siasa imelichukua. Maelezo yanayosema "maandamano ya Disneyland, 1965" yangemfanya msomaji atafute mabango na polisi. Msafara unataka kiongozi na mwisho wa safari, ilhali gwaride hili linaanzia mlangoni pa nyuma na kuishia mlango mwingine wa nyuma.

Halaiki inavutia zaidi. Katika matumizi ya Tanzania ni onyesho la watoto wengi wanaounda maumbo uwanjani siku za kitaifa, na huonekana vizuri kutoka jukwaa kuu. Hapo tofauti inajitokeza waziwazi. Halaiki ina jicho moja linalostahili, la mgeni rasmi. Gwaride la Main Street halina jukwaa la heshima, kila mlipa tiketi ana ukingo wake, na kila kamera hupata migongo. Zefe nalo, kama linavyojulikana katika Maulidi ya Lamu, lina ngoma, mavazi na furaha inayotafutwa, lakini mtazamaji wa zefe anaweza kuingia na kufuata. Disneyland mtazamaji hubaki ukingoni.

Makala haya yanaona gwaride libaki, kwa kuwa msomaji atalielewa, lakini lifuatwe na sentensi inayosema miili inafanya nini: nani anatembea, nani amesimama, nani amefunikwa uso, kamera iko upande gani. Istilahi moja haiwezi kuibeba kazi hiyo, hata ikisanifiwa na baraza lipi.

Maelezo ya picha kama sera

Wakusanyaji hununua slaidi za familia zilizofiwa kwa maboksi, huziskani, huondoa wekundu wa filamu zilizochakaa, kisha hukata migongo ili gari la mapambo lijae fremu. Kila hatua ina nia njema, na kila moja hupunguza picha. Taasisi za Afrika Mashariki zinazoziweka picha za sikukuu za uhuru katika mifumo ya kidijitali ziko mbele ya mkasi huohuo. Nakala kuu iwe ya slaidi nzima pamoja na fremu yake, mhuri na mwandiko wowote wa kalamu. Nakala iliyong'arishwa itajwe kuwa imeng'arishwa. Tarehe ya kusafishwa filamu iwe na sehemu yake katika fomu, mbali na tarehe ya tukio, na sehemu ya tukio iruhusiwe kubaki tupu.

Linabaki suala la watu wa ng'ambo, ambao hawakuombwa ruhusa na mtu yeyote. Mtoto aliyekuwa na miaka sita ukingoni mwaka 1965 amepita miaka sitini sasa, na anaweza kujitambua. Fomu iliyo na sehemu ya jina la mpiga picha, jina la gwaride na jina la mmiliki wa sasa wa slaidi haina mahali pa kumwandika yeye, wala mahali pa kuandika kwamba amekataa.