Sanaa ya Kubuni Sayari Tulivu

Katika hadithi zote za safari za angani, iliyo ngumu kuitunga ni ile ya sayari isiyo na adui. Chombo kinatua penye majani mabichi na maji baridi. Wenyeji wanatokea bila silaha, wanajuana mawazo bila kufungua kinywa, na mgeni hajasema ana kiu ila kata ya maji imekwisha fika. Mwandishi mchanga hudhani hapo amemaliza, kumbe hapo ndipo kazi inapoanza. Pasipo ugomvi hapana kisa, na watu wasioweza kufichana jambo hawana la kuambiana. Fundi wa hadithi hizi hujulikana kwa swali analolibeba tangu ukurasa wa kwanza: utulivu huu, nani anaufanyia kazi?

Ufundi wenyewe ni wa zamani kuliko roketi. Mwaka 1516 Thomas More alimweka baharia aitwaye Raphael asimulie kisiwa cha Utopia, na tangu hapo nchi njema za kubuni zimekuwa zikifikiwa kwa jahazi, kwa ndoto na kwa chombo cha angani. Katika Kiswahili njia ilifunguliwa na Shaaban Robert wa Tanga, pwani ileile inayoendelea kaskazini hadi Vanga, Msambweni na Diani. Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, ni nchi inayoelea hewani, na ndani yake wamo wajumbe sita waliotumwa mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini kutafuta mambo mema ya kuigwa. Hao ni wavumbuzi kamili, ila hawana mitambo.

Sayari yenyewe ililetwa na Katama Mkangi, mwanasosholojia wa pwani ya Kenya aliyewekwa kizuizini na serikali mwaka 1986. Riwaya yake Walenisi ilichapishwa mwaka 1995. Shujaa wake ni Dzombo, jina ambalo mtu wa Kwale hulisikia na kuukumbuka mlima ulio upande wa Lungalunga. Dzombo amehukumiwa kifo, na hukumu yenyewe ni kutiwa ndani ya chombo cha angani ambacho hakikusudiwi kumfikisha popote. Anajifunza kukiendesha, anaokoka, anaifikia sayari ya watu walio sawa, wasionyonyana. Uzuri wa mpango huu ni kwamba mvumbuzi hakutumwa na mfalme wala kampuni, ametupwa. Hana bendera ya kusimika. Macho yake ni ya mtu aliyetoka kwenye dhuluma, kwa hiyo kila jambo la kawaida la wenyeji linamshtua, na mshtuko huo ndio unaomwonyesha msomaji hali ya kule Dzombo alikotoka. Mkangi hakuhitaji viumbe wa ajabu. Alichofanya ni kuondoa: ameondoa unyonyaji, akatazama watu wanaishije ukishaondoka. Jibu lake kwa lile swali la utulivu ni kwamba wanaufanyia kazi wote.

Kusomana mawazo ni nyongeza ya waandishi wengine, na mara nyingi ni nyongeza ya uvivu. Mgeni akitua asikoijua lugha, hadithi inadai mkalimani, ishara za mikono, makosa, pengine miezi ya kujifunza. Wenyeji wakiweza kuingia akilini mwake, yote hayo yanarukwa na mazungumzo yanaanza jioni ileile. Wachache waliutumia uwezo huo kama kiini cha hadithi. Ray Bradbury, katika The Martian Chronicles ya mwaka 1950, anawatua wanaanga wa msafara wa tatu Mirihi, nao wanakuta mji mdogo wa Marekani wa utotoni mwao, wazazi na ndugu waliokufa wakiwa barazani. Watu wa Mirihi wameusoma moyo wa kila mmoja na kumjengea anachokitamani. Usiku mmoja unatosha kuwaua wote. Ustadi wa Bradbury umo katika kutouharibu wema ule mapema: msomaji naye anataka mji uwe wa kweli.

Gene Roddenberry alikwenda njia nyingine katika The Cage, filamu ya kwanza ya majaribio ya Star Trek. Watu wa Talos wana uwezo wa kuumba ndoto akilini mwa wengine, lakini kwa kuzoea kuishi ndotoni wamesahau hata kutengeneza mitambo waliyoachiwa na mababu. Sasa wanahitaji mateka, wawaonyeshe maono na kuonja maisha kupitia kwao. Raha ya sayari ile ina mfanyakazi, naye amefungiwa ndani ya kizimba. Hadithi nyingi za aina hii hukwama kwa kutomtafuta mtu huyo.

Mwandishi wa Kwale anayetaka kubuni watu wa kusomana mawazo ana mfano wa karibu, nao una adabu zaidi kuliko mitambo ya akili ya filamu. Katika mburuga, upigaji ramli wa Wadigo na jamaa zao wa Kimijikenda, mwenye shida haanzi kwa kueleza shida yake. Mganga ndiye anayeitafuta kwa maneno, akizunguka: ni ya mwili au ya nyumba, ni ya mtoto au ya mtu mzima, imetoka upande gani. Anapogusa penyewe, aliyekuja huitikia, "Taire." Asipogusa, haitikiwi, naye hugeuza njia. Asiyeamini ramli bado anaweza kuiona kama utunzi wa hali ya juu. Siri haiporwi; inafikiwa na watu wawili, mmoja akisema na mwingine akikubali, na kosa lina nafasi yake. Sayari iliyojengwa juu ya taire ingekuwa na mazungumzo, mashaka na hata kukataa, vitu ambavyo kusomana mawazo kwa papo hapo huvifuta.

Ufuo wa Diani nao ni shule, japo ya namna nyingine. Katika matangazo ya utalii pwani hiyo ni sayari kamili ya hadithi: mchanga mweupe, minazi, watu wapole wanaotabasamu na wanaojua mgeni anataka nini kabla hajatamka. Mhudumu anayeleta taulo bila kuitwa hakusoma mawazo ya mtu. Amefundishwa, ana zamu, ana mshahara, na zamu ikiisha anarudi Bongwe, Ukunda au Mwabungo, kwenye nyumba yenye mambo yake. Mgeni huona kipawa mahali ambapo mwenyeji anaona kibarua. Hadithi ya kutua sayari njema karibu daima husimuliwa na anayetua. Ingesimuliwa kutoka upande wa wanaotuliwa, ufundi mpya ungehitajika: jinsi ya kuonyesha uchovu ulio nyuma ya utulivu bila kuwageuza wenyeji kuwa wanafiki, maana ukarimu wao ni wa kweli pia.

Namna ya kumwingiza mgeni ina mfano wake Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulio kando ya ufuo huohuo, mmoja wa misitu ya kaya za Wamijikenda iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Anayeingia hufungwa kaniki kiunoni, hutembea na mwongozaji, na haruhusiwi kuondoka na chochote, hata jani. Mgeni huanza kuitii nchi kwa mwili, sababu atazisikia baadaye njiani. Waandishi wa sayari mara nyingi hugeuza mpangilio huo: mzee mwenye kanzu nyeupe anatoa hotuba ya kurasa tatu kuhusu sheria za watu wake, na msomaji anasinzia. Kitambaa kimoja kiunoni kingetosha. Kinaonyesha pia kwamba amani ya mahali pale haikuota yenyewe. Inalindwa kwa miiko, na miiko ina wazee wanaoikalia vikao.

Kinachobaki ni kurudi, na hapa wengi hukimbia: chombo kinapaa, hadithi inakwisha. Shaaban Robert alifanya kinyume. Safari za wajumbe wake hazisimuliwi zikitokea. Anayezisimulia, barazani mbele ya mfalme, ni Karama, mshtakiwa anayejitetea dhidi ya waziri Majivuno, mshtaki wake. Kila mjumbe alirudi na habari za mambo mema aliyoyaona, na kila mmoja akatupwa gerezani kwa ajili ya habari hizo. Kwa hiyo nchi za mbali zinamfikia msomaji zikiwa tayari ni ushahidi wa kesi, na kila jambo jema linalotajwa kuhusu huko linawahukumu walioketi kusikiliza.